Tupime macho ya wanafunzi kabla ya kuwaita wazembe

WAHENGA walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kwa miaka mingi niliiamini kauli hiyo bila kuitilia shaka, hasa nilipokuwa nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, nikiwaamrisha wanafunzi watazame ubaoni. Niliona kwamba mtoto mwenye macho mawili, anayetembea bila kushikwa mkono na kucheza kama wenzake, hana udhuru wowote wa kukosea kunakili sentensi iliyoandikwa waziwazi mbele yake. Aliyekosea nilimhesabu kuwa mzembe. Ilinichukua muda mrefu, pamoja na kosa ambalo hadi leo hunikera rohoni, kung'amua kwamba wapo wenye macho ambao hata wakiambiwa watazame mara mia, hawaoni.

Mnamo miaka ya tisini nilikuwa nikifunza Darasa la Sita katika shule moja ya msingi. Katika darasa hilo alikuwamo mvulana mrefu, mpole, ambaye kwa sababu ya kimo chake nilimketisha kwenye dawati la nyuma kabisa ili asiwakinge wenzake. Mvulana huyo alinitatiza. Nilipouliza maswali kwa mdomo alijibu bila kusita, na hesabu za kichwa alizimaliza mbele ya wengine wote. Lakini hesabu za ubaoni zilimshinda. Daftari lake lilijaa makosa yasiyoeleweka: 3 iligeuka kuwa 8, na alama ya kujumlisha ikawa ya kugawanya. Kila mara nilimwona akichungulia daftari la jirani yake, nami nikamshutumu kwa kuiba kazi ya mwenzake. Wakati huo kiboko kilikuwa hakijapigwa marufuku shuleni, kwani marufuku hiyo ilikuja mwaka 2001. Nilikitumia, tena si mara moja.

Siku moja mama yake alikuja shuleni, akasimama langoni akisubiri ruhusa ya kuingia. Nilimwita kijana barazani, nikamwonyesha kwa kidole na kumwambia, "Mama yako yule, nenda ukamlaki." Alifinya macho, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha akaniuliza kwa heshima, "Yuko wapi, mwalimu?" Pale langoni hapakuwa na mtu mwingine yeyote. Umbali wenyewe haukufikia nusu ya uwanja wa kandanda.

Mama alipoelezwa alishtuka kuliko mimi. Nyumbani kijana alisoma vitabu vyake vizuri karibu na taa, na hakuna aliyewahi kushuku lolote. Muhula mzima ulipita kabla ya mama kuuza mbuzi na kijana kupata miwani. Aliporudi darasani nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba haoni. Jibu lake sitalisahau. Alisema alidhani kila mtu huona hivyo, na kwamba wenzake walikuwa hodari kumshinda katika kukisia yaliyoandikwa.

Msomaji mpendwa, maneno hayo ya mtoto ndiyo kiini cha makala haya. Mtu mzima ambaye macho yake yamefifia hujua kwamba jana aliona na leo haoni. Mtoto hana jana ya kulinganisha nayo. Ukungu alionao ndio ulimwengu anaoujua. Kwa hivyo hawezi kulalamika, na tukingoja alalamike, tutangoja hadi amalize shule akiwa ameshaamini kwamba yeye ni mjinga. Hapana budi sisi watu wazima tumwendee na kumpima.

Kutoona mbali ni nini hasa? Katika jicho zima, nuru inayotoka kwenye kitu hupita katika mboni na kukusanywa na lenzi, kisha ikaangukia barabara kwenye retina, ule utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho ambao hupeleka habari kwenye ubongo. Jicho la asiyeona mbali aghalabu limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa sababu hiyo nuru hukutana kabla ya kuifikia retina. Matokeo yake ni kwamba kitabu kilicho mkononi husomeka vizuri, ilhali maandishi ya ubaoni huwa ukungu mtupu. Lenzi iliyo nyembamba katikati na nene kandoni huisogeza nuru ile hadi mahali pake. Mtaalamu wa falaki Johannes Kepler alikwisha kueleza jambo hilo mwaka 1604. Kwa hivyo hatuzungumzii fumbo lisilo na ufumbuzi, bali kasoro ambayo tiba yake imejulikana kwa karne nyingi.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba kasoro hii mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 6 na 14, na huzidi kadiri mwili unavyokua. Hiyo ndiyo miaka mtoto anayoipitisha mikononi mwa walimu. Mwanafunzi anayeona vyema akiwa Gredi ya Kwanza anaweza kufika Gredi ya Sita akiwa haoni mstari wa kwanza ubaoni. Kumpima mara moja tu anapojiunga na shule, kisha tukasahau, hakutoshi.

Je, kipimo chenyewe ni kigumu? La hasha. Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, aliyefanya kazi mjini Utrecht, alitoa chati ya herufi ambazo hupungua ukubwa kadiri mistari inavyoshuka. Hadi leo chati hiyo na nyingine zilizotokana nayo hutumika kote duniani. Mtoto husimama mita 6 kutoka kwenye chati, akaziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, akasoma, kisha akabadilisha jicho. Mwenye macho mazima husemwa kuwa na uoni wa 6/6. Anayepata 6/12 ni yule ambaye hulazimika kusimama mita 6 ili aone kile ambacho mwenzake hukiona akiwa mita 12. Kwa watoto wasiojua kusoma, ipo chati ya herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, na mtoto huonyesha kwa vidole vyake upande ambao miguu ya herufi inaelekea.

Ni muhimu macho yapimwe moja baada ya jingine. Wapo watoto ambao jicho moja ni zima na la pili halioni vyema, na lile zima hulificha lenzake miaka nenda miaka rudi. Isitoshe, vifaa vinavyohitajika ni chati ukutani, kamba iliyopimwa mita 6 na mahali penye mwangaza wa kutosha. Shule inayoweza kununua katoni ya chaki haiwezi kudai kwamba imeshindwa na gharama hiyo.

Najua walimu wenzangu watauliza, nao wana haki ya kuuliza: kazi hii nayo tubebeshwe sisi? Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mnamo Januari 2003, madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye wanafunzi sitini au zaidi huona vigumu hata kusahihisha madaftari yao yote. Lakini hoja hiyo, nikiitazama vizuri, inaunga mkono upimaji badala ya kuupinga. Darasa linapokuwa kubwa ndipo dawati la nyuma linapokuwa mbali zaidi na ubao, na ndipo mwalimu anapokosa nafasi ya kumtambua mtoto mmoja mmoja. Kumpima mtoto huchukua dakika chache tu. Kumrudia mwaka mzima kwa somo ambalo hakuliona huchukua muda mrefu zaidi, na mwishowe wote wawili hutoka mikono mitupu.

Fauka ya hayo, kwamba walimu wanaiweza kazi hii si ndoto. Hapa hapa nchini, katika Kaunti ya Trans Nzoia, walimu wa shule 50 walishirikishwa katika utafiti ulioongozwa na daktari wa macho Hillary Rono na wenzake, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Zaidi ya wanafunzi 20,000 walihusishwa. Katika nusu ya shule hizo, walimu walipima kwa chati ya kawaida, na wazazi wa watoto waliogunduliwa kuwa na kasoro wakapewa barua ya kuwapeleka hospitalini. Katika nusu ya pili, walimu walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek. Wazazi wa huko walionyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyouona ubao, kisha wakatumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha.

Matokeo yake yanafaa kusomwa na kila mwalimu mkuu. Katika shule za barua, watoto waliofika hospitalini walikuwa 22 kati ya kila 100 waliotakiwa kwenda. Katika shule za simu walikuwa 54 kati ya kila 100. Walimu wa pande zote mbili walifanya kazi yao na kuwagundua watoto. Tofauti ilitokana na kile kilichofuata baada ya kipimo: mzazi aliyeona kwa macho yake kile ambacho mtoto wake hakioni, na ambaye alikumbushwa tena na tena, alichukua hatua. Mzazi aliyepewa kikaratasi alikikunja akakiweka mfukoni. Na hata pale palipofanywa vizuri zaidi, karibu nusu ya watoto hawakufika.

Hapo ndipo ninapotaka tuwe wakweli. Kumpima mtoto, ukamwandika katika orodha, kisha ukaifungia orodha kabatini, ni sawa na kumwona mtu akizama ukaandika jina lake mchangani. Upimaji una maana pale tu unapoishia kwenye miwani iliyo puani mwa mtoto. Huko Uchina, katika mikoa ya Gansu na Shaanxi, watafiti waliwapima wanafunzi wa darasa la nne na la tano katika shule zaidi ya 250 za mashambani. Baadhi ya waliogunduliwa kuwa na tatizo walipewa miwani bure, na wengine walipewa tu karatasi ya vipimo waende wakanunue wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopewa miwani walifanya vyema zaidi katika mtihani wa hisabati mwishoni mwa mwaka. Hawakuongezwa mwalimu, wala hawakuongezwa kitabu. Waliwezeshwa kuona.

Licha ya umaskini, miwani ina adui mwingine, nayo ni dhana potovu. Wazazi wengi husema kwamba mtoto akianza kuvaa miwani mapema macho yake yatazoea na kuharibika zaidi. Kinachowapotosha ni kwamba nguvu ya miwani huongezwa kila baada ya muda, lakini sababu yake ni jicho linaloendelea kurefuka mtoto anapokua, wala si miwani. Utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulilinganisha watoto waliopewa miwani ya nguvu kamili na wale waliopewa ya nguvu pungufu kwa makusudi. Macho ya hao wa pili ndiyo yaliyozorota haraka zaidi. Kumnyima mtoto miwani hakulikingi jicho lake.

Kisha kuna kejeli. Mtoto huja na miwani siku ya kwanza akaitwa "macho manne", na siku ya pili miwani hubaki mkobani. Wasichana huambiwa kwamba itawapunguzia urembo. Mwalimu anayenyamaza wakati huo ameshiriki katika kumrudisha mtoto gizani. Ni wajibu wake kulieleza darasa zima, kwa utaratibu, kwamba miwani ni kifaa cha kusomea kama ilivyo kalamu, na kwamba anayemcheka mwenye miwani ni sawa na anayemcheka mwenye kalamu.

Pana jambo jingine ambalo sisi walimu tunalo mikononi mwetu. Wataalamu walikadiria mwaka 2016 kwamba ifikapo mwaka 2050 karibu nusu ya watu wote duniani watakuwa hawaoni mbali. Katika miji ya Asia ya Mashariki, wengi mno wa vijana wanaomaliza shule za upili tayari wamo katika hali hiyo. Afrika bado ina nafuu, lakini tusijivune. Miongoni mwa mambo yanayokinga macho ya watoto ni kukaa nje kwenye mwanga wa mchana. Katika mji wa Guangzhou nchini Uchina, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, baada ya miaka mitatu watoto takriban 30 kati ya kila 100 miongoni mwao walikuwa wamepata kasoro hii, ilhali katika shule zisizoongezewa muda huo walikuwa takriban 40. Kisiwa cha Taiwan kilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kila siku.

Nasi hapa kwetu tunafanya nini? Kipindi cha mazoezi ya viungo huandikwa kwenye ratiba ili wakaguzi wakione, kisha mwalimu wa hisabati akakitwaa kwa marudio. Katika shule nyingi za bweni mwanafunzi huamka kabla ya jua kuchomoza akaingia darasani, na jua likitua yumo darasani vilevile. Tunadhani tunampa muda wa kusoma, kumbe yamkini tunampunguzia uwezo wa kusoma. Tumrudishie mtoto uwanja wake.

Kwa mintarafu ya hayo yote, nina mapendekezo. Kwanza, Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya zifanye upimaji wa macho kuwa sehemu ya lazima ya muhula wa kwanza, angalau katika Gredi ya Kwanza, ya Nne, ya Saba na ya Kumi, na kila shule iwe na walimu wawili waliofunzwa kazi hiyo. Pili, kwa kuwa huduma za afya ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kila kaunti itume muuguzi wa macho shuleni baada ya upimaji badala ya kungoja mzazi afunge safari hadi mjini, ambako wataalamu wengi wamejazana. Tatu, miwani ya watoto ipatikane kwa bei ambayo mkulima mdogo ataimudu, na asiye na uwezo kabisa asaidiwe. Nne, matokeo ya kipimo yaandikwe katika rekodi ya mwanafunzi na yamfuate kila anakohamia. Katika mfumo huu wa elimu ya umilisi, tunajaza fomu chungu nzima kuhusu uwezo wa mtoto. Sanduku moja la kuonyesha kama anaona ubao halitatulemea.

Tahadhari nayo inahitajika. Mwalimu si daktari. Mtoto anayeshindwa kusoma chati huenda haoni mbali, lakini huenda pia ana mtoto wa jicho, trakoma, mzio au maradhi mengine. Kazi ya mwalimu ni kugundua kwamba jicho halioni inavyopasa na kuhakikisha mtoto amefika kwa mtaalamu. Asimwazime miwani ya mtu mwingine, wala asimpendekezee dawa.

Lakini si lazima tungoje waraka kutoka Nairobi. Walimu wenzangu, mzitazame dalili kesho asubuhi. Ni nani anayefinya macho anapotazama ubao? Ni nani anayesogeza kitabu hadi kikagusa pua, anayelalamikia kichwa kila jioni, anayenakili kutoka kwa jirani ilhali majibu yake ya mdomo ni sahihi? Kabla ya kumkemea huyo, mlete dawati la mbele kwa juma moja, uone kama daftari lake litabadilika. Kisha mwite mzazi wake, mweke mahali pale pale mtoto anapoketi, na umweleze.

Nawe mwanafunzi, usione haya. Ziba jicho moja kwa kiganja, utazame ubaoni kutoka mahali unapoketi, kisha uzibe la pili. Iwapo jicho lolote halisomi kile ambacho jirani yako anakisoma, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo. Kutoona mbali si ujinga wala si aibu. Mficha uchi hazai, na mficha macho hasomi.

Yule mvulana wangu alimaliza masomo yake ya msingi akiwa ameketi dawati la mbele, miwani usoni. Nilimpa nafasi hiyo, lakini sikuwahi kumwomba radhi kwa viboko vile. Wakati huo mwalimu hakumwomba mtoto msamaha, au ndivyo nilivyojidanganya. Usilolijua ni usiku wa giza, nami nilikuwa gizani pamoja naye, ila yeye ndiye aliyeadhibiwa. Mwalimu wa leo hana udhuru niliokuwa nao mimi. Anajua. Chati na ipandishwe ukutani.